Mgongo haukohoi

Ukitoka Kivukoni na kufuata barabara ya ufukweni, ukaipita Ikulu huku bahari ikiwa upande wako wa kulia, utafika kwenye majengo ya kale ya Kijerumani ambayo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wengi mnaokuja kutoka Tandika, Mbagala, Manzese au Tandale mnalijua eneo hilo kwa jina la Ocean Road tu, na mkilitaja mnashusha sauti. Wajerumani walikamilisha hospitali hiyo mwaka 1897. Mwaka huohuo aliingia Dar es Salaam daktari mmoja mwenye ndevu na miwani, umri wake miaka 53, ambaye tayari alikuwa maarufu duniani kote. Aliitwa Robert Koch.

Huyu ndiye aliyekionyesha kimelea cha kifua kikuu. Kila unapopewa kikopo na kuambiwa utoe makohozi, unapita kwenye njia aliyoifungua yeye. Wiki hii nataka nikusimulie maisha yake, mpenzi msomaji, lakini nitakuwa nachepuka mara kwa mara, kwa sababu ninachotaka ukikumbuke ukimaliza kusoma si kifua. Ni mgongo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa daktari mpya kabisa, katika hospitali ambayo sitaitaja. Bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka sita. Malalamiko yake yalionekana madogo: mtoto anajikwaa akikimbia, siku hizi wenzake wakicheza mpira yeye anakaa pembeni, na usiku analia tumbo. Nilimkunja na kumnyoosha magoti, nikambonyeza tumbo, nikauliza kama anakohoa. Bibi akasema hakohoi. Nikaandika dawa ya minyoo na vitamini, nikamwita mgonjwa mwingine, maana foleni ilikuwa inafika getini. Baada ya miezi miwili bibi alirudi amembeba mjukuu mgongoni kwa kanga, kwa sababu miguu ilikuwa haimbebi tena. Safari hiyo nilimvua shati. Katikati ya mgongo kulikuwa na nundu ndogo, ngumu, kama fundo la muwa. Naamini ilikuwepo hata siku ile ya kwanza, pengine ndogo zaidi. Sikuiona kwa sababu sikumvua shati.

Sasa turudi kwa Koch.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba madini katika milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa na cheo migodini, na nyumbani walizaliwa watoto 13. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866, akamwoa Emmy Fraatz. Baada ya kuhangaika hapa na pale, na kuhudumu katika vita ya Ujerumani na Ufaransa, aliajiriwa kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Kwa lugha yetu ungesema alikuwa mganga wa wilaya: anazalisha, anashona vidonda, anaandika vyeti vya vifo, anaitwa usiku. Emmy alimpa zawadi ya hadubini. Koch akagawa chumba chake cha kuonea wagonjwa kwa pazia, upande mmoja wagonjwa, upande wa pili hadubini na panya wa majaribio.

Nyuma ya pazia hilo ndipo alipofuatilia kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiua kondoo na ng'ombe wa wakulima wa pale. Wafugaji wa Kitanzania wanaujua vizuri hadi leo. Mwaka 1876 alionyesha kwamba kimeta husababishwa na bakteria wa aina moja, na kwamba bakteria hao hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi. Daktari wa wilaya, bila maabara ya chuo, aliwashinda maprofesa. Mwaka 1880 serikali ikamwita Berlin.

Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, akaanza kazi ya kifua kikuu. Lazima ujue hali ilivyokuwa. Koch mwenyewe alikadiria kwamba katika kila watu saba waliokuwa wakifa, mmoja aliuawa na ugonjwa huu. Wengi waliamini ni ugonjwa wa ukoo: baba kafa nao, mtoto naye utamfuata. Bado nasikia maneno hayo kliniki, na siwacheki wanaoyasema, kwa sababu ni kweli ugonjwa huu hutembea ndani ya familia. Ila hautembei kwa damu ya ukoo. Hutembea kwa hewa ya chumba kimoja.

Kimelea hicho kilikuwa kinasumbua kuonekana. Ngozi yake ina mafuta na nta, hivyo rangi za kawaida za maabara hazikushika. Koch alijaribu rangi moja baada ya nyingine hadi alipopata njia ya kukitia buluu huku vitu vingine vyote vikibaki kahawia. Kisha akataka kukiotesha nje ya mwili. Bakteria wengi huota kwa siku moja au mbili. Hiki hakikuota siku ya pili, wala ya tano, wala ya saba. Mtu mwingine angetupa vyombo. Koch alivifunga visikauke, akaviweka kwenye joto la mwili, akangoja. Wiki ya pili vikaanza kuonekana vidoadoa kama magamba makavu. Akavichoma kwenye simbilisi, nao wakaugua kifua kikuu kilekile.

Usiku wa tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin, katika chumba kisicho kikubwa, akasoma matokeo yake kwa sauti ya chini. Hakuwa msemaji hodari. Alikuwa ameleta zaidi ya sampuli 200 watu wazitazame kwa macho yao. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi na hakuna aliyebisha. Watu waliinuka kimya wakaenda kuinamia hadubini. Ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa kila tarehe 24 Machi.

Hapa nachepuka, kwa sababu kuna sehemu ya kazi hiyo ambayo husahaulika. Koch hakutazama mapafu peke yake. Alikitafuta kimelea kilekile katika tezi zilizovimba shingoni na katika viungo vilivyovimba, akakikuta. Magonjwa yaliyokuwa na majina tofauti na madaktari tofauti yakawa ugonjwa mmoja. Karibu miaka mia moja nyuma, mwaka 1779, daktari wa upasuaji wa London aitwaye Percivall Pott alikuwa ameandika juu ya watu wenye nundu mgongoni ambao miguu yao inapooza. Aliona jambo la busara sana: kwamba tatizo la miguu hiyo haliko miguuni, liko kwenye pingili za mgongo. Hadi leo madaktari wengi duniani huuita ugonjwa huo kwa jina lake. Lakini Pott hakujua ni nini kinachokula pingili. Kazi ya Koch ndiyo iliyotoa jibu: ni TB.

Inafikaje huko? Mtu mwenye TB ya mapafu anakohoa ndani ya chumba, au ndani ya daladala lililofunga vioo kwa sababu ya mvua. Wewe au mwanao mnavuta hewa hiyo. Mara nyingi mwili hukidhibiti kimelea na hakuna kinachotokea. Lakini wakati mwingine, kabla hakijadhibitiwa, kinasafiri na damu na kutua kwenye pingili za mgongo, ambazo zina damu nyingi. Kinaweza kulala hapo miezi au miaka. Kikiamka, kinakula pingili upande wa mbele, polepole, kisha pingili jirani. Upande wa mbele ukiliwa na wa nyuma ukabaki mzima, pingili inabonyea kama tofali lililolowa upande mmoja, na mgongo unachomoza nundu. Usaha hujikusanya bila joto wala wekundu, ndiyo maana tunauita jipu baridi, na unaweza kushuka ukatokea kinenani au ubavuni, mbali na ulikoanzia. Nyuma ya pingili hizo kuna kamba kuu ya mishipa ya fahamu. Usaha na mifupa iliyovunjika vikiibana, miguu inaanza kusaliti.

Katika TB zote za mifupa na viungo, karibu nusu hukaa kwenye uti wa mgongo. Na wengi wa wagonjwa hawa hawakohoi. Hilo ndilo linalotuponza, sisi madaktari na nyinyi wagonjwa. Neno lenyewe tunalotumia, kifua kikuu, linatuelekeza kifuani. Mtu akisikia TB anauliza kikohozi, anauliza makohozi. Mgongo haukohoi. Mgonjwa anaweza kutoa makohozi mara tatu, yote yakawa safi, na pingili zake zikawa zinaliwa siku hiyohiyo.

Turudi Berlin, mwaka 1890. Koch sasa ni shujaa wa taifa. Alikuwa ameshakwenda Misri na India akakitambua kimelea cha kipindupindu. Kila mtu anangoja kitu kimoja kutoka kwake: tiba. Agosti mwaka huo, kwenye mkutano wa kimataifa wa madaktari, alitangaza kwamba amepata kitu kinachozuia kimelea cha TB. Novemba akachapisha zaidi, lakini hakusema kimetengenezwa na nini. Kiliitwa tuberkulini. Wagonjwa walifurika Berlin kutoka pande zote za Ulaya, wengine wakafia njiani na hotelini. Arthur Conan Doyle, daktari aliyemtunga Sherlock Holmes, alifunga safari kwenda kuona, akarudi na kuandika kwamba watu waende polepole. Wiki chache baadaye vifo vilianza kuhesabiwa. Rudolf Virchow, bingwa wa kupasua maiti, alionyesha kwamba kwa baadhi ya waliochomwa sindano ile ugonjwa ulikuwa umesambaa zaidi. Mwanzoni mwa 1891 Koch alisema hatimaye ilikuwa nini: maji yaliyokamuliwa kutoka kwa vimelea vya TB, yenye gliserini.

Mtu aliyengoja wiki mbili simbilisi wake na vyombo vyake, hakuweza kungoja mwaka mmoja wagonjwa wake. Wapo wanaosema alisukumwa na serikali, wapo wanaosema alihitaji fedha kwa sababu ndoa yake na Emmy ilikuwa inavunjika. Walitalikiana mwaka 1893, naye akamwoa msichana mdogo sana kwake, Hedwig Freiberg. Mimi naona sababu zote hizo hazimwondolei lawama. Nakutajia kisa hiki kwa sababu kila mwezi napokea mgonjwa wa mgongo aliyekwishanywa chupa za dawa ya mtu ambaye hataki kusema ndani kuna nini. Usinywe.

Tuberkulini haikuponya, lakini haikutupwa. Ilionekana kwamba mtu aliyewahi kuingiwa na kimelea akichomwa kidogo hushtuka. Miaka ya 1907 na 1908 madaktari Clemens von Pirquet wa Vienna na Charles Mantoux wa Ufaransa waliigeuza kuwa kipimo cha ngozi. Ndiyo ile sindano ndogo mtoto wako anayochomwa mkononi, mnaambiwa mrudi baada ya siku mbili au tatu ili uvimbe upimwe kwa rula. Tafadhali rudini kweli, kwani kama hakuna wa kuusoma uvimbe, sindano haina kazi. Na ujue mipaka yake: inasema mwili umekutana na kimelea, haisemi mtoto anaumwa, wala haisemi kiko wapi. Kwa mtoto aliyedhoofu sana au mwenye VVU inaweza isivimbe kabisa ilhali TB ipo.

Basi mwaka 1896 Koch akaondoka Ulaya, na nadhani alifurahi kuondoka. Alikwenda Kimberley, Afrika Kusini, kupambana na sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki na kuwaacha Wamasai na wafugaji wengine katika njaa. Kutoka huko akaitwa Bombay kwenye tauni. Kutoka Bombay akaja Dar es Salaam, akakaa hadi 1898. Hapa hakufanya kazi ya kifua kikuu. Alichunguza malaria, homa ya mkojo mweusi, magonjwa ya ng'ombe, na akathibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, huko Kagera ya leo, ni tauni.

Hospitali mpya ya Ocean Road ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walitibiwa kwingine, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka huohuo wa 1897. Ukilazwa Muhimbili katika jengo la Sewahaji, jina hilo ni lake.

Mwaka 1901 Koch alikosea tena, na kosa hili linawahusu wazazi moja kwa moja. Alisimama kwenye mkutano mkubwa wa TB jijini London akasema kwamba TB ya ng'ombe si hatari ya kutia maanani kwa binadamu, na hakuna haja ya hatua kubwa dhidi ya maziwa. Waingereza hawakuridhika, wakaunda Tume ya Kifalme, na baada ya miaka kumi ya uchunguzi ikasema wazi kwamba binadamu, hasa watoto, huambukizwa kwa maziwa. TB ya namna hiyo hupenda tezi, tumbo na mifupa. Wagonjwa wengi wa TB ya mgongo waliipata kwa hewa, si kwa maziwa. Hata hivyo, ukinunua maziwa kwa jirani anayefuga Goba, Kimara au Chanika, yachemshe hadi yafoke. Hata kama ng'ombe anapendeza. Na kwa namna ya ajabu, kimelea cha ng'ombe ndicho Wafaransa Calmette na Guérin walichokidhoofisha wakapata chanjo ya BCG, iliyoanza kutolewa kwa watoto mwaka 1921. Ile alama begani mwako. Inamkinga mtoto mdogo na TB kali za kuenea mwilini na za ubongo, lakini haimaanishi hawezi kupata TB ya mgongo. Mjukuu wa yule bibi alikuwa na alama nzuri kabisa.

Koch alirudi kwetu mwaka 1905, akafuata njia za misafara kuchunguza homa ya papasi, akagundua kwamba vimelea vyake huingia hadi kwenye mayai ya papasi. Desemba mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kifua kikuu. Mwaka uliofuata alikuja tena, akapita Tanga, Amani na Mwanza hadi visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale yalikuwa yanamaliza watu. Huko aliwachoma wagonjwa wengi dawa iitwayo atoksili, yenye aseniki ndani yake. Mwanzoni walionekana kupata nafuu. Nafuu ilipokuwa haidumu aliongeza kipimo, na baadhi wakapofuka, upofu usiorudi. Hakuna aliyekaa na watu wale akawaeleza hatari hiyo, wakakubali au kukataa. Nikisoma habari hizo siwezi kumwita Koch shujaa tu, wala siwezi kutupa alichotuonyesha.

Na ndiyo maana sikasiriki mtu wa Temeke au Kinondoni anapoikataa sindano ya mgongo mara ya kwanza. Woga huo una historia. Acha nikueleze ni nini, ili ukiombwa ujue unaombwa nini.

Ukija na maumivu ya mgongo ambayo yamepita wiki tatu au nne, yanayokuamsha usiku, yasiyosikia dawa, mimi kwanza nakuvua shati au gauni. Nagongagonga pingili moja moja kwa ngumi laini, natafuta inayouma. Mtoto naangusha sarafu sakafuni namwambia aiokote. Mtoto mwenye mgongo mzima huinama. Mwenye pingili zinazoliwa hukunja magoti akachuchumaa huku mgongo umenyooka kama ubao, na akiinuka anashika mapaja. Hata wewe unaweza kumjaribu nyumbani. Nauliza homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, na nani nyumbani amewahi kutumia dawa za TB. Lakini nasisitiza: wagonjwa wengi wa TB ya mgongo hawana homa wala jasho. Wana mgongo tu.

Kisha picha. Eksirei ya mgongo ni mwanzo mzuri, na hospitali za rufaa za mkoa kama Temeke na Mwananyamala wanaipiga. Tatizo lake ni kwamba haionyeshi kitu hadi mfupa uwe umeliwa sana, karibu theluthi moja au zaidi. Ukiambiwa picha ni safi na maumivu yanaendelea, usifunge jalada. MRI huona mapema zaidi: pingili iliyolowa, usaha, kamba ya fahamu inavyobanwa. Ni ghali, najua, na wengi hukwama hapo. Zungumza na ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujarudi nyumbani kimyakimya. Tunapima pia damu, tunapiga picha ya kifua, tunapima VVU, na makohozi tunayachukua kama yapo. Yakiwa safi, hayajasema lolote juu ya mgongo.

Halafu ndiyo sindano. Ukiwa umelala kifudifudi na umetiwa ganzi, mtaalamu anaiongoza sindano kwa kutazama picha hadi kwenye usaha au pingili iliyoharibika, anachukua kidogo. Sehemu moja inawekwa kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo hutafuta vinasaba vya kimelea na kusema kwa saa chache kama kipo na kama kinakataa rifampisini, dawa kuu. Nyingine inaoteshwa, na hapo tunangoja wiki kadhaa kama Koch alivyongoja. Nyingine inatazamwa kwa hadubini kama kinyama. Kwa nini tusumbuke hivyo? Kwa sababu saratani iliyosambaa kutoka tezi dume au titi nayo hula pingili, na bakteria wengine, wakiwemo wa brusela wanaotoka kwenye maziwa mabichi, nao hula pingili. Anayedhaniwa ana TB kumbe ana saratani anapoteza mwaka. Ni nadra sana sindano hiyo kupoozesha, tofauti na wanavyosema mtaani. Mara nyingi aliyepooza baada yake alikuwa ameshaanza kupooza kabla. Ina hatari zake ndogo za kutoka damu au kuingiza maambukizi, na una haki ya kuelezwa zote kabla ya kuweka sahihi. Uliza. Daktari akiharakisha, uliza tena. Wakati mwingine sampuli haipatikani au haioti chochote, na tunaamua kwa picha na dalili. Hilo nalo daktari akwambie wazi.

Kama miguu imeanza kuwa mizito, inajikwaa, ina ganzi, au mkojo umegoma au unatoka wenyewe, usingoje kliniki ya Jumatatu. Nenda siku hiyohiyo, useme hivyo getini. Upasuaji wa mgongo unafanyika hapa nchini, Taasisi ya Mifupa MOI ikiwa hapohapo Muhimbili, ingawa wagonjwa wengi wa TB ya mgongo hupona kwa dawa bila kisu. Dawa za TB ni bure. Kwa mapafu ni miezi sita. Kwa mgongo mara nyingi ni miezi 12, na maumivu huisha zamani kabla ya vidonge kuisha. Hapo ndipo watu huacha.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 66, na majivu yake yako Berlin katika taasisi yenye jina lake. Dawa ya kweli ya TB hakuiona; streptomaisini ilikuja miaka ya 1940. Na nchi yetu ina sehemu katika kisa kilichofuata. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, na Karel Styblo, daktari wa Kicheki aliyepata TB akiwa kijana katika kambi ya mateso ya Mauthausen, alisaidia kuujenga: makohozi, hadubini, dawa anazosimamiwa mgonjwa, daftari lisiloruka jina. Dunia iliiga kutoka hapa. Ulikuwa mpango mzuri na umeokoa watu wengi mno. Lakini ulijengwa juu ya makohozi.

Mjukuu wa yule bibi alitolewa usaha, akatumia dawa mwaka mzima. Mwezi wa tatu alisimama kwa kushika meza, mwezi wa sita alitembea kutoka getini hadi chumbani kwangu bila kushikwa. Nundu haikuondoka, na haitaondoka. Bibi hakuwahi kunilaumu kwa siku ile ya kwanza. Ila kila walipokuja kliniki, kabla sijafungua faili wala kusema neno, alikuwa ameshamvua shati.